Boma la Biharamulo: Ngome ya Mjerumani iliyogeuka nyumba ya wageni

BIHARAMULO si mji ambao mtalii wa kawaida huuweka katika ratiba yake. Wengi waendao mkoani Kagera hukusudia Bukoba, na madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi wakifika Lusahunga huendelea moja kwa moja kuelekea Ngara, bila kuingia mjini.

Hata hivyo, juu ya kilima kinachoutazama mji huo lipo jengo linalostahili kumsimamisha msafiri. Ni boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo baada ya kupita katika mikono ya tawala mbalimbali lilikuja kutumika kama nyumba ya kulala wageni.

Katika miji mikongwe ya Ulaya, nyumba ndogo za wageni zilizomo ndani ya majengo ya kale ni jambo la kawaida, na wasafiri hulipa fedha nyingi kulala humo. Hispania ilianza mwaka 1928 kuendesha hoteli za serikali ziitwazo Parador, ambazo nyingi zimo ndani ya ngome, makasri na nyumba za watawa za zamani. Ureno ilifuata mwaka 1942 kwa hoteli ziitwazo Pousada.

Swali ambalo boma la Biharamulo linaliuliza ni kama njia hiyo inaweza kuyaokoa majengo ya kale ya Tanzania, hasa yale yaliyo mbali na pwani na mbali na macho ya watalii. Jibu si jepesi, kwa kuwa kitanda cha mgeni kinaweza kuliokoa jengo, na vilevile kinaweza kuliharibu.

Jengo na zama zake

Neno boma ni la Kiswahili na lilikuwapo kabla ya Wajerumani. Maana yake ya asili ni uzio au ukuta unaozunguka makazi ili kuyakinga na adui au wanyama. Wajerumani walipojenga vituo vyao vyenye kuta nene na ua katikati, wananchi waliviita kwa jina hilo hilo. Baadaye neno likahama kutoka kwenye ukuta likaingia kwenye mamlaka, hata leo mzee anaposema "nimeitwa bomani" anamaanisha ofisi ya serikali, iwe ina ukuta au haina.

Nchi ya Biharamulo na Ngara ilikuwa imezoea wageni muda mrefu kabla ya boma hilo. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita katika eneo lililoitwa Usui, wakiwa njiani kwenda Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Mtawala wa Usui, Suwarora, hakuwaruhusu wapite bure. Walitakiwa kutoa hongo, yaani ushuru wa njia uliolipwa kwa nguo, shanga na waya, na safari yao ikachelewa.

Jambo hilo lina maana katika historia ya ukaribishaji wageni. Mgeni wa wakati ule alipokewa kwa masharti ya mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyepanga bei.

Miaka 33 baadaye hali ilibadilika. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliuvuka Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, katika Wilaya ya Ngara ya leo, akaingia Rwanda. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, kipindi ambacho Vita vya Maji Maji vilipiganwa kusini mwa nchi.

Tayari mwaka 1890 Emin Pasha alikuwa ameanzisha kituo cha Wajerumani huko Bukoba. Kutoka hapo utawala ulienea kusini na magharibi, na maboma yakawa alama yake. Ndani ya maboma ya namna hiyo walikaa maofisa na askari, kesi zilisikilizwa, na kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897, ilipokewa. Asiyekuwa na fedha aliweza kudaiwa nguvu zake.

Boma la Biharamulo halikukaa muda mrefu mikononi mwa Wajerumani. Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wabelgiji yaliyotokea Kongo yaliiteka Biharamulo katika safari yao ya kuelekea Tabora, mji walioingia Septemba mwaka huo. Wengi wa wapiganaji wa pande zote mbili walikuwa Waafrika.

Baada ya vita, mipaka ilichorwa upya. Eneo la Bugufi, ambalo lilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, lilibaki upande wa Tanganyika chini ya Waingereza na sasa limo katika Wilaya ya Ngara. Waingereza nao wakaitawala nchi kwa kutumia maboma waliyoyakuta, na baada ya Uhuru mwaka 1961 mengi yakawa ofisi za wilaya.

Kwa maneno mengine, anayelala katika boma la namna hii analala ndani ya nyumba iliyohudumia dola tatu kabla ya kumhudumia msafiri.

Kwa nini kitanda huokoa jengo

Wataalamu wa uhifadhi wanakubaliana juu ya jambo moja la msingi, kwamba jengo lisilotumika hufa haraka. Bati likichomoka katika nyumba yenye watu, litarudishwa kesho yake. Likichomoka katika nyumba iliyofungwa, mvua itaingia msimu mzima, boriti zitaoza, mchwa watapanda, na ukuta utaanza kufumuka kutoka juu. Mkoani Kagera, ambako mvua hunyesha kwa misimu miwili kwa mwaka, muda wa kusubiri ni mfupi zaidi.

Kwa sababu hiyo, jengo la kale linahitaji kazi. Inaweza kuwa ofisi, makumbusho, maktaba au nyumba ya wageni. Tanzania ina mifano ya kila aina.

Boma la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, lilifanywa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Boma la Iringa, lililojengwa mwaka 1914 kama hospitali ya kijeshi, lilifunguliwa mwaka 2016 kama makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Boma la Kale la Dar es Salaam lina hadithi iliyo karibu zaidi na mada hii, kwa kuwa Sultani Majid bin Said alilijenga katika miaka ya 1866 na 1867 kwa ajili ya kuwapokea wageni wake. Lilianza maisha kama nyumba ya wageni, likawa ofisi, na baada ya ukarabati likawa kituo cha urithi wa usanifu wa jiji.

Mfano unaofanana kabisa na Biharamulo uko kusini, Mikindani mkoani Mtwara. Boma la huko lilijengwa mwaka 1895 na lilikuwa limechakaa vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilianza kulikarabati na kulifanya hoteli, ambayo ilikusudiwa pia kuwa mahali pa kuwafunza vijana wa pale kazi ya hoteli. Wazo lilikuwa kwamba jengo liingize fedha za kujitunza, na mji upate ajira.

Zanzibar nayo ilichukua njia hiyo kwa kiasi kikubwa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimegeuzwa hoteli ndogo. Lakini kisiwa hicho hicho kilitoa onyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jina kubwa na sifa ya kimataifa havikutosha kuzishikilia kuta zake.

Chokaa, saruji na mabomba

Kugeuza boma kuwa nyumba ya wageni si suala la kupaka rangi na kununua magodoro. Yapo mambo matatu ambayo huamua kama jengo litapona au litaangamia taratibu.

La kwanza ni kuta. Majengo ya zama hizo kwa kawaida yalijengwa kwa mawe au matofali yaliyoshikwa kwa udongo au chokaa, kisha yakapigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hufyonza unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Unene wake ndio unaofanya chumba kiwe na ubaridi mchana na joto kidogo usiku.

Fundi wa siku hizi, kwa nia njema kabisa, huja na saruji kwa kuwa ni ngumu na hupatikana kila duka. Saruji huziba. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, hubaki ndani ya ukuta na kuulainisha udongo ulioshika mawe. Kwa nje nyumba huonekana imara, huku ndani ikioza. Miaka michache baadaye lipu hubanduka kwa vipande vikubwa, na pamoja nayo hutoka uso wa ukuta wenyewe.

La pili ni maji. Maboma hayakujengwa kwa ajili ya kuwa na bafu katika kila chumba, lakini mgeni wa leo huona bafu la chumbani kuwa haki yake. Kila bomba linalopitishwa ndani ya ukuta wa kale ni njia mpya ya unyevu, na kila choo kinachoongezwa kinahitaji kutobolewa kwa ukuta au sakafu. Njia iliyo salama zaidi ni kuweka mabafu katika jengo dogo la pembeni au kupitisha mabomba nje ya ukuta yanakoonekana, ili yakivuja yajulikane mapema. Njia hiyo haipendezi macho, ila huliongezea jengo maisha.

La tatu ni paa na mbao zake. Mchwa ni adui wa kudumu, na nyaya za umeme zilizochakaa ni adui wa ghafla. Nyumba ya wageni yenye mapishi, majiko na vifaa vingi vya umeme ina hatari ya moto kuliko ofisi inayofungwa jioni.

Msafiri anayependa nyumba za kale anaweza kuyatazama haya mwenyewe bila kuwa mhandisi. Atazame chini ya madirisha kama kuna alama za maji. Agonge lipu kwa kidole asikie kama kuna uwazi nyuma yake. Atazame dari kama ina mabaka, na aulize ni nani anayesafisha mifereji ya maji kabla ya masika. Nyumba inayojibu swali hilo la mwisho bila kusita kwa kawaida inatunzwa.

Sheria inasema nini

Watu wengi hudhani kwamba jengo lolote lenye umri wa zaidi ya miaka 100 hulindwa na serikali moja kwa moja. Sivyo ilivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka maalumu wa ukomo, na mwaka huo umo katika karne ya 19.

Boma la Biharamulo, kwa kuwa ni la mwanzoni mwa karne ya 20, liko upande wa pili wa mstari huo. Majengo ya namna hiyo huweza kulindwa endapo waziri mwenye dhamana atayatangaza katika Gazeti la Serikali. Pasipo tangazo kama hilo, hatima ya jengo hutegemea zaidi busara ya mmiliki wake kuliko nguvu ya sheria.

Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilipanua mtazamo kwa kuhimiza halmashauri, jamii na watu binafsi washiriki katika kutunza na kutumia urithi. Hata hivyo, halmashauri yenye uhaba wa madawati na dawa haiwezi kulaumiwa sana ikiweka lipu ya chokaa mwishoni mwa orodha yake ya matumizi.

Hesabu ya paa

Hapa ndipo fedha za wageni zinapoingia, na hapa pia ndipo matumaini hupita kiasi. Chukua mfano wa nyumba yenye vyumba 10 ambavyo nusu yake hujaa kila siku kwa wastani. Kwa mwaka mzima nyumba hiyo huuza vitanda mara 1,825. Endapo katika kila malipo zitatengwa shilingi 5,000 kwa ajili ya jengo, mwisho wa mwaka zitapatikana shilingi 9,125,000.

Kiasi hicho kinatosha kusafisha mifereji, kupiga dawa ya mchwa, kuziba nyufa na kupaka chokaa. Hakitoshi kubadilisha paa lote wala kuinua ukuta uliotitia. Maana yake ni kwamba nyumba ndogo ya wageni inaweza kumudu matunzo ya kila mwaka, lakini ukarabati mkubwa unahitaji mkono wa serikali, mfadhili au mwekezaji mwenye subira. Anayesubiri wageni walipe kila kitu atasubiri hadi jengo lianguke.

Biharamulo ina sababu za kutarajia wageni zaidi kuliko zamani. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, na msafiri wa barabara atokaye Mwanza kwenda Geita, Chato na Biharamulo akaachana na foleni ya kivuko. Upande wa Ngara, daraja la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa rasmi Aprili 2016 na marais wa Tanzania na Rwanda.

Mgeni wa kutazama wanyama, mfanyabiashara aendaye Kigali na mtumishi aliye katika ziara ya kikazi wote wanahitaji mahali pa kulala. Mashindano, hata hivyo, ni makali. Nyumba mpya za wageni zenye vigae sakafuni na televisheni chumbani hujengwa haraka kando ya barabara. Boma haliwezi kuzishinda kwa vigae. Linaweza kuzishinda kwa kitu kimoja tu, ambacho ni historia yake.

Historia ya nani

Historia hiyo inaweza kusimuliwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile inayowavutia baadhi ya watalii, yenye picha za maofisa wenye kofia, ramani za kale na samani za mbao nzito, kana kwamba ukoloni ulikuwa safari ya kujifurahisha. Mgeni hunywa chai uani bila kuambiwa kwamba katika ua wa boma watu walichapwa viboko.

Namna ya pili ni kusimulia yote. Ni kueleza kwamba kumbukumbu mara nyingi humtaja ofisa aliyeamuru ujenzi, na mara chache humtaja aliyebeba mawe. Ni kueleza habari za Suwarora na hongo yake, za wapagazi waliosombwa katika vita ya mwaka 1916, na za wakazi wa Bugufi waliojikuta katika nchi nyingine baada ya mpaka kuchorwa bila wao kuulizwa.

Historia hiyo haikuishia kwa wakoloni. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 waliokuwa wakitoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban siku moja, wakaingia Ngara, na jina la Benaco likajulikana duniani kote. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, lakini Ngara ikaendelea kuwapokea wakimbizi wa Burundi kwa miaka mingine mingi. Wilaya hizi mbili zimewapokea wageni wengi ambao hawakuwa na fedha ya chumba. Habari hiyo nayo ina nafasi katika ukuta wa nyumba ya wageni.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Mabango machache ya Kiswahili, orodha ya vitabu, mzee wa mji anayelipwa kwa saa moja ya maelezo, na mwalimu anayeruhusiwa kuleta wanafunzi wake siku ambazo vyumba vi tupu, vinatosha kuanzia. Wanafunzi hao ndio watakaokuwa madiwani na maofisa wa mipango wa kesho. Mtoto aliyewahi kuingia ndani ya boma na kuelezwa maana yake hatatia saini kirahisi amri ya kulibomoa.

Kuna wanaosema kwamba majengo ya wakoloni hayastahili kutunzwa, kwa kuwa ni kumbukumbu ya dhuluma. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Lakini jengo likiangushwa, dhuluma haifutiki. Kinachopotea ni ushahidi wake, pamoja na ushahidi wa ufundi wa Waafrika waliolijenga kwa mikono yao. Wananchi ambao babu zao waliitwa bomani kwa hofu wana haki ya kuingia humo leo kwa mlango wa mbele, wakachagua chumba na kudai risiti.

Wakati wa kuamua si mrefu. Kwa msafiri wa mjini mwenye likizo, kulala usiku mmoja katika nyumba ya kale na kuuliza maswali kuhusu paa lake ni mchango wa kweli. Kwa halmashauri na wizara, hatua ya kwanza ni kupima hali ya jengo, kuliombea tangazo katika Gazeti la Serikali na kuweka sharti kwamba yeyote atakayelikodi atumie chokaa na si saruji. Kazi hiyo inapaswa kufanyika kabla ya masika, maana ukuta ukishaanza kumeguka hausubiri vikao.